Sakafu inayong'aa ina magoti ya watu

Leo sina siasa. Leo naomba tuangalie chini, pale tunapokanyaga.

Ukiingia benki, hospitali kubwa, uwanja wa ndege au ofisi ya wizara, mara nyingi unakuta sakafu inang'aa mpaka unaziona taa za darini zikikutazama kutoka chini. Nani kaing'arisha? Saa ngapi? Kwa kutumia nini? Sisi waandishi tunajua sana kuandika habari za jengo siku linapozinduliwa: nani alikata utepe, limegharimu kiasi gani, lina ghorofa ngapi. Yule anayelisugua usiku wa siku hiyo hiyo hatumwandiki. Nimekuwa nikiifuatilia historia ya kazi hii kwa miezi kadhaa, na nimekuta ni ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake kubwa imepita hapa hapa kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. "Sakafu" limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni neno la paa au dari. Mtu atauliza, paa limegeukaje kuwa kitu cha kukanyaga? Jibu lipo kwenye majumba ya mawe ya Unguja, Lamu na Mombasa. Mafundi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta (ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba), wakapanga mawe ya matumbawe juu yake, kisha wakamwaga chokaa. Paa la wa chini likawa sakafu ya wa juu. Chokaa ile ilitakiwa kupigwa. Watu walikusanywa, wakapewa vipande vya mti, wakaipondaponda siku baada ya siku kwa mdundo na nyimbo mpaka ikashikamana kama jiwe. Mtaa mzima ulisikia kwamba kwa fulani wanapiga sakafu. Naomba msisahau hilo, kwa sababu huko mbele tutaona kazi ya sakafu ikinyamazishwa.

Bara nako kulikuwa na ustadi wake. Kina mama walisiriba sakafu ya udongo kwa samadi ya ng'ombe na udongo laini, wakailainisha kwa kiganja. Ikichakaa, wanabandua sehemu iliyoharibika na kusiriba upya. Ukitazama vizuri, siri ya sakafu nyingi duniani imo katika kazi hiyo. Sakafu ikidumu, ujue imepewa ngozi ya juu inayokubali kuharibika kwa niaba yake. Ngozi hiyo inakwaruzwa, inachafuka, inabanduliwa, inapakwa nyingine. Iwe samadi ya Dodoma au nta ya Paris, kanuni ni ile ile. Swali langu leo ni hili: katika kubandua na kupaka huko, ni ngozi ya nani nyingine imekuwa ikichakaa?

Twende Ufaransa kidogo. Kwenye kasri la mfalme pale Versailles, baadhi ya vyumba vya kifahari vilikuwa na sakafu za marumaru. Kila zilipooshwa, maji yalipenya na kuozesha mbao zilizozishikilia kutoka chini. Mwaka 1684 ikaamuliwa marumaru ing'olewe na kuwekwa vipande vya mbao vilivyopangwa kwa nakshi. Mbao, tofauti na marumaru, hazitaki kumwagiwa maji kila siku. Zinataka nta. Na nta inataka mtu wa kuisugua.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya kudumu katika nyumba za matajiri wa Paris. Walikuwepo wanaume walioajiriwa kusugua sakafu tu. Walifunga brashi miguuni, wakateleza huku na huku kama wanaocheza dansi, saa nzima nzima, mpaka mbao zikatoa mng'ao. Kabla ya nta mpya kupakwa, uchafu na nta kuukuu vilitakiwa kukwanguliwa, na hapo hapakuwa na dansi. Hapo mtu alipiga magoti.

Mwaka 1875 mchoraji Gustave Caillebotte, kijana wa familia yenye fedha, aliwachora wanaume watatu waliovua mashati, wamepiga magoti, wakikwangua sakafu ya mbao katika chumba cha Paris. Mwanga wa dirishani umelala juu ya migongo yao na juu ya mbao. Akaipeleka picha kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya mwaka huo, ikakataliwa. Mwaka uliofuata akaionyesha pamoja na kina Monet na Renoir, na wapo wahakiki walioiona ya kishamba. Wakulima wakichorwa ilikuwa sawa. Vibarua wa mjini wanaokwangua sakafu ya tajiri, hapana. Leo picha hiyo inatunzwa katika makumbusho ya Orsay, na watalii wanajipanga kuitazama wakiwa wamesimama juu ya sakafu iliyosafishwa na watu ambao hawakuwaona.

Sasa nta yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Nta ya nyuki ni bidhaa ya zamani sana ya Tanzania ya kati na magharibi. Katika misitu ya miombo ya Tabora, warina asali walitundika mizinga ya magome juu ya miti, na baada ya asali kuliwa au kugeuzwa pombe, masega yaliyeyushwa yakawa vipande vya nta. Wakati wa utawala wa Wajerumani, nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani yetu, pamoja na pembe za ndovu, mpira na mkonge, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ya mzigo ikawa fupi. Mpaka leo Tanzania na Ethiopia ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nta barani Afrika, na Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Nta ya nyuki ilikuwa na kazi nyingi, mishumaa, dawa, viatu, na kung'arisha mbao ilikuwa mojawapo. Babu aliyepanda mti usiku na kijinga cha moto mkononi hakuwa na sababu ya kujua kwamba jasho lake lingeweza kuishia chini ya viatu vya watu ng'ambo ya bahari.

Nta ya nyuki ina tatizo moja: ni laini. Inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 62 hadi 64, na chini ya viatu inashika vumbi na alama. Brazil kuna mnazi wa porini uitwao karnauba, unaoota majimbo ya kaskazini mashariki kama Ceará na Piauí. Majani yake hujifunika nta ili yasikauke kwa jua kali. Nta hiyo ni ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, na ikisuguliwa inang'aa kama kioo. Ukichanganya nta na tapentaini unapata polishi ya kopo.

Mmarekani mmoja, Samuel Curtis Johnson, aliona biashara hapo. Mwaka 1886 katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, alinunua biashara ya sakafu za mbao za nakshi. Wateja wakawa wanarudi na swali moja: tumeshanunua, sasa tuzitunzeje? Akaanza kutengeneza nta ya kuwauzia. Muda si muda nta ikawa inauzika kuliko mbao, na kufikia mwaka 1917 kampuni ilikuwa imeachana kabisa na sakafu. Mwaka 1935 mjukuu wake alipanda ndege inayoweza kutua majini, akasafiri mpaka Brazil kutafuta chanzo cha uhakika cha karnauba. Fikirini, safari ya mabara mawili kutafuta mng'ao wa sakafu!

Makopo ya polishi yakafika na kwetu pamoja na ukoloni wa Mwingereza. Nyumba za maofisa, shule, hospitali za misheni na ofisi za bomani ziliwekwa sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Rangi hiyo ni madini ya chuma, ndugu wa kutu. Kisha juu yake ilipakwa polishi nyekundu. Na aliyeipaka aliitwa "boi", hata kama alikuwa na miaka hamsini na wajukuu. Hiyo nayo ilikuwa namna ya kumkwangua mtu: unambandua jina lake, unambandua umri wake, anabaki boi.

Kazi yenyewe mnaijua wengi wenu, maana haikuondoka na Mwingereza. Mimi nilisoma bweni, na Jumamosi asubuhi tulipanga mstari, kila mmoja na kipande cha blanketi kuukuu au kumbi la nazi. Mmoja anapaka polishi, wengine wanafuata kwa magoti wakirudi nyuma, kwa sababu ukienda mbele unakanyaga ulichopaka. Tuliifanya kwa vicheko kwa sababu ilikuwa saa moja na tulikuwa watoto. Mtu anayeifanya kila siku kwa miaka thelathini anapata kitu kingine. Mbele ya fupa la goti kuna kifuko kidogo chenye majimaji. Ukipiga magoti mno kwenye sakafu ngumu, kifuko kinavimba na kuuma. Waingereza waliuona ugonjwa huo kwa watumishi wao mara nyingi kiasi kwamba jina lake la kawaida katika lugha yao ni "goti la mtumishi wa ndani". Ugonjwa ukapewa jina la kazi. Kazi ikaendelea.

Je, mashine haikuja kuokoa magoti? Ilikuja. Mwaka 1863 Mwingereza Frederick Walton alipata hataza ya linoliamu, kitambaa kilichopakwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa magome. Kikatandikwa kwenye hospitali, meli na ofisi, maelfu ya mita za sakafu laini zilizotaka kung'arishwa. Hakuna jeshi la wasuguaji ambalo lingetosha. Kufikia miaka ya 1920 mashine za umeme za kung'arisha sakafu zilikuwa zikiuzwa Marekani: mota juu, brashi ya mviringo chini, mpini mrefu wa mtu aliyesimama. Aliyesimama! Kwa mara ya kwanza msuguaji akawa na urefu sawa na watu wengine ndani ya chumba.

Kisha sakafu yenyewe ikabadilika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vigae vya plastiki vilienea, na kuanzia miaka ya 1950 na 1960 wakemia waliacha nta pembeni wakatengeneza vimiminika vya plastiki za jamii ya akriliki. Unavipaka kama maji ya maziwa, vinakauka vikiwa wazi na vigumu. Watu wanaendelea kuviita nta au polishi, lakini nta iliyomo ni kidogo tu. Ndani yake molekuli zimefungwa pamoja kwa zinki, kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Ukitaka kuvitoa, sabuni haifui dafu. Inatakiwa dawa kali yenye amonia au ndugu zake, inayofungua ile kamba ya zinki.

Niliiona kazi hii kwa macho yangu katika jengo moja la ofisi katikati ya Dar es Salaam, jengo ambalo sitalitaja. Kikosi kilikuwa cha watu watano, kiongozi wake dada mmoja wa makamo. Walianza saa nne usiku. Kwanza fanicha nje, kufagia, kibao cha njano mlangoni. Kisha dawa ikachanganywa na maji, ikamwagwa, ikaachwa dakika kama kumi. "Isikauke," alinionya dada. "Ikikauka inarudi kuwa gundi, na wewe unarudi kuwa mtumwa." Harufu ilinikamata kooni. Glavu zilikuwa jozi mbili kwa watu watano.

Mashine yenyewe inazunguka mara 175 kwa dakika na ina uzito wa kilo 40 na zaidi, chini yake pedi nyeusi, ile kali kuliko zote. Haina magurudumu ya kuiongoza. Ukishusha mpini kidogo inakwenda kushoto, ukiupandisha inakwenda kulia. Niliomba nijaribu, nikapewa. Mnaweza kukisia: ilinivuta kama mbuzi anayekataa kamba. Dada akacheka. "Mdogo wangu, ukishindana nayo inakutupa ukutani. Iachie, uitikie." Akaishika kwa mikono miwili legevu, nayo ikateleza huku na huku mbele ya kiuno chake kama inacheza. Nikawakumbuka wale wa Paris na brashi zao miguuni.

Baada ya hapo ni kukokota tope la polishi iliyoyeyuka, kuosha kwa maji safi mara mbili, kusubiri pakauke, kisha kupaka upya. Tabaka nyembamba tatu hadi tano, kila moja likisubiriwa kukauka kama nusu saa. Ukiharakisha linakuwa na ukungu, na kazi yote inarudi mwanzo. Walimaliza saa kumi na moja alfajiri. Saa moja na nusu wenye viatu wakaanza kuingia, na hakuna aliyetazama chini.

Nilimuuliza dada kama mashine ni afadhali kuliko enzi za magoti. Alikuwa na jibu tayari. "Magoti yamepona. Sasa naumwa kiuno na kifua. Na zamani mama yangu alipodeki ofisi, alideki mchana. Bosi wake alimjua jina."

Jibu hilo limenikaa kichwani, kwa sababu lina historia nzima ndani yake. Mashine inapiga kelele, dawa inanuka, sakafu mbichi haikanyagwi. Kwa hiyo kazi ikasogezwa usiku, na mtu wa usiku ni rahisi kumsahau. Baadaye ikatolewa nje kabisa ya mwajiri: usafi ukapewa kampuni kwa zabuni, na mara nyingi anayeshinda zabuni ni mwenye bei ya chini. Bei ya chini inatoka wapi? Polishi haipungui bei kwa sababu ya zabuni. Anayepungua ni mtu.

Tena hata hatari zenyewe zilijulikana kwa kuchelewa. Vigae vingi vya karne iliyopita vilichanganywa na asbesto, madini ambayo vumbi lake linaua mapafu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ikaandika katika kanuni za usalama kazini kwamba sakafu za aina hiyo zisibanduliwe polishi zikiwa kavu, na mashine isizidi mizunguko 300 kwa dakika. Kanuni nzuri. Lakini watu walikuwa wamezisugua kwa miongo mingi kabla yake.

Pamoja na hayo yote, hadhi ya wasuguaji imepanda sehemu kadhaa duniani, na si mota iliyoipandisha. London, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamke aitwaye May Hobbs, aliyewahi kuwa msafishaji wa ofisi usiku, aliwazungukia wanawake wenzake jengo kwa jengo kuwashawishi waingie kwenye chama cha wafanyakazi. Mwaka 1972 baadhi yao wakagoma. Los Angeles, tarehe 15 Juni 1990, wasafishaji wa maofisi waliogoma, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Mexico, waliandamana mchana kweupe eneo la Century City. Polisi wakawapiga kwa virungu, makumi wakajeruhiwa, na televisheni zikaonyesha. Watu walioajiriwa wasionekane wakaonekana nchi nzima. Haikuchukua muda mrefu, kampuni kubwa ya usafi iliyokuwa ikiwapinga ikakubali mkataba na chama chao. Mpaka leo tarehe hiyo inaadhimishwa na wafanyakazi wa usafi.

Na wale wa majumbani, warithi wa "boi"? Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919. Mkataba wake maalumu wa kazi za nyumbani, namba 189, ulipitishwa Juni 2011. Hesabuni wenyewe: miaka 92 ndipo aliyepiga magoti sebuleni akaandikwa kwa ukamilifu kama mfanyakazi.

Ndiyo maana siwezi kuimaliza historia hii kwa kuisifu teknolojia. Mashine ilimwinua mtu kutoka magotini, na hilo si dogo. Lakini kumwona ni kazi yetu, na kazi hiyo haina swichi. Wenye ofisi wanaweza kuanza na mambo madogo sana: glavu jozi tano kwa watu watano, madirisha yafunguliwe dawa inapomwagwa, nauli ya kurudi alfajiri, na kipengele ndani ya zabuni kinachosema mshahara usishuke chini ya kiasi fulani. Sisi wengine tunaweza kuuliza jina.

Kama una babu au bibi aliyefanya kazi hii, nyumbani kwa mkoloni, hospitali ya misheni au relini, mwulize angali hai. Mwulize polishi ilikuwa ya rangi gani, alilipwa ngapi, na alikuwa akiitwa nani. Kisha niandikie, maana historia hii bado haijaandikwa na waliokuwa wameinama.